Anayesema "tupa vidonge" naye amejifanya tabibu

IKITAJWA dawa ya kisukari barazani, watu huulizana bei. Ikitajwa dawa ya presha, huulizana inamezwa mara ngapi kwa siku. Lakini ikitajwa dawa ya sonona, yaani huzuni nzito iliyofikia kuwa ugonjwa, mazungumzo hugeuka ghafla yakawa ya imani. Anayeitumia huulizwa kama anaswali. Huulizwa nyiradi zake za asubuhi na jioni. Mwisho hushauriwa aachane na "hayo madawa yanayoharibu akili" na arudi kwa Mola wake, kana kwamba aliwahi kuondoka. Na kinachouma zaidi ni kwamba anayetoa ushauri huo mara nyingi ni mtu anayempenda kwa dhati.

Ndugu msomaji, katika makala haya sikusudii kuwatetea wenye viwanda vya dawa, na mbele kidogo utaona kwamba nao nina maneno nao. Wala sikusudii kuwakejeli masheikh na maustadhi wanaowasomea wagonjwa Qur'an. Kusomewa ni Sunna na ni rehema, na mimi mwenyewe nikiugua huomba nisomewe. Ninachotaka tukijadili ni kitu kimoja tu, nacho ni dhamana. Mtu akimwambia mgonjwa wa sonona "meza", na mwingine akamwambia "tupa", nani kati yao anabeba dhamana ya litakalotokea?

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Dawa za sonona ambazo mtu wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa ana uwezekano mkubwa wa kukutana nazo ni mbili. Ya kwanza ni amitriptilini, dawa kongwe iliyoanza kuuzwa mwaka 1961, ambayo hata asiye na sonona huandikiwa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu au kwa kipandauso. Ya pili ni fluoksetini, iliyojulikana duniani kwa jina la Prozac, ambayo Marekani iliiruhusu mwishoni mwa mwaka 1987. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Dawa hizi si kileo. Watu wengi huzichanganya na Valium na jamaa zake, ambazo humtuliza mtu ndani ya muda mfupi na ambazo mwili huzizoea haraka hadi mtu akawa mtumwa wake. Hizi za sonona haziko hivyo. Mtu mzima asiye na maradhi akimeza kidonge cha fluoksetini jioni hii, hatacheka wala hataimba. Mgonjwa naye husubiri wiki mbili, nne, pengine sita, ndipo ahisi mzigo unapungua. Madhara, kwa upande mwingine, hayasubiri. Yanaweza kuanza siku ile ile ya kwanza. Hapo ndipo wengi wanapoziacha: wameshapata uchungu wote wa dawa na bado hawajaonja faida yake hata chembe, na hakuna aliyewaambia kwamba itakuwa hivyo.

Zilipatikanaje? Karibu kwa bahati, au tuseme kwa qadar. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko Staten Island, New York, madaktari walikuwa wakiwajaribia wagonjwa wa kifua kikuu dawa mpya. Wakaona wagonjwa waliokuwa taabani wanachangamka kuliko ilivyotarajiwa, wanataka kula, wanataka kuzungumza. Moja ya dawa zile, iproniazidi, ikaja kutumika kutibu huzuni. Miaka michache baadaye daktari wa Uswisi, Roland Kuhn, alikuwa akijaribu dawa iitwayo imipramini kwa wagonjwa wa skizofrenia. Haikuwasaidia hao, lakini akaona inawanyanyua wenye huzuni nzito, akalitangaza hilo mwaka 1957. Kwa hiyo dawa zilitangulia, maelezo ya namna zinavyofanya kazi yakafuata.

Na maelezo yenyewe yana mushkeli. Kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa kwamba ubongo wao umepungukiwa na kitu kiitwacho serotonini, kama mwenye kisukari alivyopungukiwa na insulini, na kwamba kidonge kinajaza pengo hilo. Ni maelezo mepesi, yanauzika. Mwaka 2022 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha London walikusanya tafiti za miongo kadhaa wakasema hawakuona ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu huo. Waliokuwa wakizichukia dawa hizi walishangilia, wakasema umeona, ni uongo mtupu. Taratibu, ndugu zangu. Kichwa hakiumi kwa sababu mwili umepungukiwa na Panadol, lakini Panadol inatuliza kichwa. Kutojua sababu ya ugonjwa ni jambo moja, na dawa kufanya kazi ni jambo jingine.

Je, zinafanya kazi? Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 522 yaliyohusu dawa 21 na wagonjwa zaidi ya 116,000. Kila moja ya dawa hizo iliwasaidia watu wazima kuliko kidonge kisicho na kitu ndani yake. Ila tofauti hiyo kwa wastani haikuwa kubwa. Wapo waliorudishiwa maisha yao, wapo waliopata nafuu kidogo, wapo ambao hawakupata kitu.

Sasa nije kwa wenye viwanda. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walifuatilia majaribio 74 ya dawa 12 za sonona yaliyokuwa yamesajiliwa serikalini. Karibu theluthi moja hayakuchapishwa popote. Ukisoma yaliyochapishwa peke yake ungedhani asilimia 94 yamefaulu. Ukiyahesabu yote, pamoja na yaliyofungiwa kabatini, yaliyofaulu ni asilimia 51. Kisha mwaka 2012 kampuni ya GlaxoSmithKline ilikubali kulipa dola bilioni 3 nchini Marekani, na miongoni mwa makosa iliyokiri ni kuitangaza dawa yake ya paroksetini kwa watoto wa chini ya miaka 18 ilhali haikuwa imeruhusiwa kwao. Basi anayewatilia shaka watu hawa si mjinga. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghishi, na Mtume (s.a.w) alimkemea muuza nafaka wa sokoni Madina aliyeficha iliyoloa chini ya ile kavu. Ikiwa hilo ni kwa nafaka, vipi kwa kitu kinachoingia kwenye akili ya mtu?

Tuyataje basi madhara bila kuficha. Amitriptilini hukausha mdomo, hufunga choo, huleta usingizi mzito, humfanya mtu aone kizunguzungu anapoinuka ghafla, na mzee mwenye tezi dume anaweza kushindwa kupata haja ndogo. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na ikimezwa nyingi kwa mpigo inaua. Kwa sababu hiyo pakiti ya mwezi mzima haifai kuachwa chini ya mto wa mtu anayetamani kufa. Aishike mama, au mke, au kaka, na atoe kimoja kimoja. Fluoksetini ni salama zaidi kwa upande huo, lakini huleta kichefuchefu, kukosa usingizi na mahangaiko, na ikichanganywa na dawa za maumivu kama diklofenaki huongeza uwezekano wa kutokwa na damu tumboni. Ikichanganywa na tramadoli, ambayo vijana wetu wengi wanaimeza kama karanga, inaweza kuleta hali ya hatari ya mwili kutetemeka, joto kupanda na akili kuchanganyikiwa.

Lipo dhara ambalo kwa haya zetu hatulitaji, nalo ni kupungua kwa hamu au uwezo wa tendo la ndoa. Ni la kawaida sana kwa dawa za kundi la fluoksetini. Mume anameza kimya kimya, mke haambiwi, mke anahesabu wiki na kujiambia bila shaka kuna mwingine nje. Ndoa inafika kwa kadhi kwa ajili ya jambo ambalo daktari angeweza kulirekebisha kwa kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Katika dini yetu hakuna haya katika kuuliza elimu. Mabibi wa Madina walimuuliza Mtume (s.a.w) mambo mazito kuliko hilo.

Na kwa vijana kuna onyo maalumu. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru pakiti za dawa zote za sonona zibebe onyo lenye uzito wa juu kabisa kwamba kwa watoto na vijana zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua, na mwaka 2007 onyo hilo likapanuliwa hadi umri wa miaka 24. Hatari iko hasa wiki za mwanzo na pale kipimo kinapobadilishwa. Haina maana kijana asipewe kabisa, maana sonona yenyewe inaua, na duniani zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka. Maana yake ni kwamba wiki hizo asiachwe peke yake. Halafu kuna wale ambao huzuni yao ni nusu tu ya ugonjwa: leo wamezama, mwezi ujao hawalali, wanazungumza mfululizo na kugawa mali. Mtu wa namna hiyo akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kurushwa juu hadi akawa hashikiki. Daktari asiyeuliza habari ya siku za nyuma hawezi kulijua hilo.

Hadi hapa msomaji anaweza kusema, kumbe wanaoshauri watu waache wana hoja. Naam, wana hoja ya kuogopa. Hoja ya kuzitupa hawana, na nitaeleza kwa nini.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alinisimulia habari ya binti wa dada yake, na ameniruhusu niiandike bila majina. Binti alikuwa akifanya kazi za ndani Muscat. Huko akaugua, hali, halali, analia bila kujua analia nini. Akapelekwa hospitali, akapewa paroksetini, akaimeza miezi saba na akapata nafuu ya kutosha kurudi kazini. Mkataba ulipokwisha alirejea nyumbani na pakiti zake ndani ya begi. Shangazi alipoziona akaita mtu wa kusoma. Mtu yule, Allah amsamehe, hakuuliza ni dawa gani wala imemezwa muda gani. Alisema hizi ndizo zinazomlisha jini, zitupwe leo, na zikatupwa chooni.

Siku ya tatu binti akaanza kuona kizunguzungu. Akasema anasikia kama shoti ya umeme inapita kichwani kila akigeuza macho. Akawa anatetemeka, anatoka jasho, anaota ndoto za kutisha na kuamka anapiga kelele. Nyumba nzima ikaamini: jini limechokozwa, sasa linapigana! Akasomewa usiku saba. Alipokataa kukaa, alishikwa mikono na miguu. Mjomba anasema jambo lililomvunja moyo si zile kelele, bali ni pale binti alipoanza mwenyewe kuamini kwamba ndani yake kuna kitu kibaya kinachomchukia Allah.

Ndugu msomaji, zile shoti kichwani zinajulikana. Zimeandikwa katika vitabu vya tiba. Mwili uliozoea dawa ya namna ile kwa miezi ukiondolewa ghafla hulalamika, na paroksetini ni miongoni mwa zinazolalamikiwa zaidi kwa sababu hutoka mwilini upesi. Fluoksetini hutoka polepole, kwa wiki kadhaa, ndiyo maana kishindo chake huwa kidogo. Si kila mtu hupata dalili hizo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba zinazosababishwa na kuacha dawa yenyewe humpata takriban mtu mmoja kati ya sita au saba, na kali kabisa ni wachache. Lakini yule mmoja anapopatwa, katika nyumba ambayo hakuna anayejua, dalili za kuacha dawa zinasomwa kuwa ni ushahidi wa jini, na kadiri anavyoteseka ndivyo msomaji anavyozidi kusadikiwa. Angalia mtego huo ulivyo. Aliyekosea anaonekana amepatia kwa sababu ya madhara ya kosa lake mwenyewe.

Hapa sasa ndipo ninapolirudia neno dhamana. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud, Nasai na Ibn Majah kwamba Mtume (s.a.w) amefundisha kuwa mwenye kujitia katika utabibu hali hajulikani kwa fani hiyo, basi yeye ndiye mdhamini, yaani analipa kinachoharibika. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ameieleza hadithi hii kwa kirefu katika Zad al-Maad. Anasema tabibu mjuzi aliyefanya kazi yake ipasavyo hadaiwi mkono wake usipokosea. Asiyejua anadaiwa. Kisha anatoa tofauti moja ambayo mimi naiona ni ya leo hasa: mgonjwa akijua kuwa huyu hajui na bado akamruhusu, hapo hakuna dhamana, lakini mgonjwa akimdhania kuwa ni mjuzi na akamruhusu kwa dhana hiyo, dhamana ipo.

Sasa jiulize. Binti yule alipokubali pakiti zitupwe, alikubali kwa sababu gani? Alimdhania yule mtu kuwa anajua. Kanzu, kilemba, Kiarabu fasaha na ndevu zilimwambia kwamba huyu anajua. Na kwa kweli alijua kitu, alijua kusoma. Lakini kumwambia mtu aache dawa si kusoma. Ni kuandika dawa, isipokuwa kwamba kipimo ulichoandika ni sifuri. Anayefanya hivyo ameingia katika utabibu kwa miguu yake miwili, na hadithi ile inamhusu.

Lakini isije ikaonekana nawaandama maustadhi peke yao. Muuza famasi anayemkatia mtu vidonge kumi vya amitriptilini bila cheti, akavitia kwenye bahasha na kumwambia "vitakupa usingizi", naye amejifanya tabibu. Daktari naye, ambaye ni mjuzi kwa haki, anayeandika fluoksetini ndani ya dakika tatu bila kusema kwamba wiki mbili za mwanzo zitakuwa ngumu, kwamba ndoa inaweza kuguswa, kwamba isiachwe ghafla, amebakisha nusu ya kazi yake. Najua foleni zilivyo, najua daktari mmoja anavyoona wagonjwa wengi kwa asubuhi moja. Hata hivyo sentensi tatu hazimalizi asubuhi. Tena ukweli ni kwamba mgonjwa aliyeambiwa na daktari wake, "ukiacha ghafla unaweza kusikia kama shoti kichwani", huwezi kumdanganya baadaye kwamba shoti hiyo ni jini.

Ipo hoja moja ya wanaopinga ambayo naiheshimu, nayo ni hoja ya subira. Wanasema huzuni ni mtihani, mwenye kuvumilia ana malipo, na wanaleta kisa cha mwanamke mwenye kifafa, katika Bukhari na Muslim, ambaye Mtume (s.a.w) alimpa hiari kati ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo, naye akachagua kusubiri. Kisa ni sahihi. Ila tukisome vizuri. Aliyepewa hiari ni mgonjwa mwenyewe. Aliyempa hiari ni mwenye kupokea wahyi, aliyekuwa na uwezo wa kumwahidi Pepo. Na hata baada ya kuchagua, aliomba aondolewe sehemu ya taabu, yaani asifunukwe nguo anapoanguka, akaombewa. Ni wapi hapo panapompa shangazi, mume au ustadhi haki ya kumchagulia mwingine subira? Wewe unalala usiku kucha, halafu unamwamuru asiyelala avumilie kwa ajili ya thawabu!

Mabedui walipouliza kama wajitibu, Mtume (s.a.w) aliwaambia wajitibu, kwa kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Na Baraza la Kimataifa la Fiq-hi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba kilichofanyika Jeddah mwaka 1992, liliamua kwamba matibabu huwa wajibu pale ambapo kuyaacha kutaiangamiza nafsi. Mwenye kusikia ndani yake sauti ya kumwambia ajiue yuko karibu sana na hukumu hiyo.

Wala tusiseme kwamba mwenye imani hahuzuniki hivyo. Qur'an inatueleza kwamba Nabii Yaaqub (a.s) alihuzunika hadi macho yake yakawa meupe (12:84), na kwamba Bibi Maryam katika uchungu wake alitamani lau angelikufa kabla ya siku ile (19:23). Nani kati yetu atawauliza hao kuhusu nyiradi zao? Bibi Aisha (r.a) alikuwa akiagiza itengenezwe talbina, uji wa shayiri, kwa mgonjwa na kwa mfiwa, akieleza aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w) kwamba hutuliza moyo na huondoa sehemu ya huzuni. Uji! Kitu cha tumboni, kwa ajili ya moyo. Na zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya miili na nafsi ambamo alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na huzuni isiyojulikana sababu yake, ambayo aliihusisha na mwili na kuitafutia tiba ya mwili.

Mgawanyo huo wa al-Balkhi unatusaidia upande wa pili pia, maana si kila anayelia ni mgonjwa. Mjane aliye katika eda, wiki ya tatu, analia: huyo hahitaji kidonge, anahitaji watu wa kukaa naye na mtu wa kumpelekea watoto shule. Mfanyakazi ambaye hajalipwa miezi minne hana upungufu wa kitu ubongoni. Ana upungufu wa mshahara. Ukimpa fluoksetini ili awe mtulivu zaidi mbele ya tajiri yake, unamsaidia nani? Hata Uingereza, mwongozo wao wa kitaifa wa mwaka 2022 unasema sonona isiyo kali isianzwe kwa dawa kama mazoea, na yatangulie mazungumzo na njia nyinginezo, labda mgonjwa mwenyewe apende dawa. Zimbabwe waliwafundisha kina bibi wa mitaa ya Harare kukaa na wenye huzuni kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza nao matatizo yao moja baada ya jingine, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa kwenye mabenchi yale walipata nafuu zaidi ya waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. Misikiti yetu ina vibaraza na ina wazee. Sijui tunasubiri nini.

Na je, mtu ameze hadi kufa? La. Mwaka 2021 huko Uingereza walichapisha jaribio la wagonjwa 478 waliokuwa wametumia dawa kwa muda mrefu na sasa wanajisikia vizuri. Nusu waliendelea, nusu wakapunguziwa taratibu hadi wakaacha. Baada ya mwaka, sonona iliwarudia asilimia 39 ya walioendelea na asilimia 56 ya walioacha. Kila mtu azitazame namba hizo kwa utulivu. Kuacha kuna hatari ya kweli. Lakini wapo wengi walioacha na wakabaki salama, na wapo waliomeza na bado ikawarudia. Kwa hiyo uamuzi ni wa mgonjwa na daktari wake, wakati maisha yametulia, kwa kupunguza kidogo kidogo kwa wiki au miezi, na ndugu wakiwa na habari.

Nimalizie na Ramadhani, kwa kuwa huo ndio msimu wa kutupa dawa. Kila mwaka wapo wanaoacha usiku wa kuandama mwezi, eti funga itawatosha. Fluoksetini na amitriptilini kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku, na amitriptilini aghalabu ni ya usiku. Mtu anaweza kumeza baada ya futari au wakati wa daku na funga yake ikawa kamili, hana haja ya kuchagua kati ya dawa na saumu. Ajue tu kwamba mdomo utakauka zaidi mchana, na anywe maji ya kutosha usiku. Ambaye hali yake ni mbaya kiasi cha kutomudu, ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'an (2:184) na haina unyonge wowote. Tahadhari kubwa zaidi ni kwa anayetumia lithiamu, dawa ya wale ambao hali yao hupanda na kushuka, kwa kuwa mwili ukipungukiwa maji kiwango chake kwenye damu kinaweza kupanda hadi kikawa sumu. Huyo asingoje mwezi uandame ndipo amtafute daktari. Aende Shaaban, au hata Rajab, maana foleni za kliniki zetu tunazijua.